Gari la Rubani Linagonga

Rubani aliporudi tena na gari lake, hakusalimia. Alilizima katikati ya geti, mahali ambapo hakuna gari lingine lingeweza kuingia wala kutoka, akashuka, akaufunga mlango polepole kama mtu aliyekasirika lakini bado anaipenda mali yake.

"Linagonga," akasema.

"Haligongi," nikamjibu, kabla hata sijaweka chini tambara la kufutia mikono.

Niseme mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Sikufundishwa na mtu, nimezaliwa hivyo. Mume wangu ananiita Afande, na wauza matairi wa jirani wakiniona napita hukatiza mazungumzo yao hata kama walikuwa wanazungumzia mvua. Mteja akiniambia gari limeanza kula mafuta jana, mimi najiuliza juzi alilipeleka kwa nani. Tabia hii imenisaidia sana kazini. Injini haina uwongo. Wenye injini ndio wanaotunga.

Rubani alikuwa amestaafu kurusha ndege za mizigo, ila miwani ya jua hajaistaafisha, aliivaa hata kivulini. Gari lake lilikuwa spoti la zamani la milango miwili, la njano, lililolala chini kiasi kwamba huwezi kuingia ndani bila kwanza kukubali kuaibika mbele za watu. Halikuwa na kompyuta ya aina yoyote. Lilikuwa na distribyuta, kile chombo kinachogawa moto kwa kila plagi, na distribyuta ya namna hiyo hutegwa kwa mkono. Ndiyo sababu alilileta kwetu. Mafundi wengi wa siku hizi wakiona distribyuta wanazunguka gari zima wakitafuta mahali pa kuchomeka waya wa kompyuta yao.

Kwetu kulikuwa na Baba, baba yangu mzazi. Gereji ni yake, na mtaa mzima unamwita Sikio. Mimi na mume wangu tulifungua, tukafunga, tukapaka grisi, lakini hakuna gari lililotoka getini mpaka Baba ainame juu ya injini, afumbe macho, kisha aseme, "Imetulia." Wateja walilisubiri neno hilo kuliko risiti. Na taimingi, yaani ule wakati wa plagi kutoa moto, hakumwachia mtu. Alikuwa na namna yake. Anailegeza distribyuta, anaigeuza kidogo ili moto uwahi, anapandisha gari mlima ulio nyuma ya gereji. Anasimama, anageuza tena, anapanda tena. Anaendelea hivyo mpaka injini ianze kugonga kwa ile sauti nyembamba ya misumari midogo ndani ya kopo. Akishaisikia, anarudisha nyuma upana wa unywele, anakaza.

"Nguvu ya injini iko jirani na kugonga," alikuwa akisema. "Ukiogopa kufika, utabaki na gari la kubebea mboga."

Taa ya kupimia taimingi tunayo. Ilikaa kwenye droo chini ya vipande vya sabuni, maana Baba alishatangaza kwamba taa ni ya fundi asiye na masikio. Kuitoa mbele yake ilikuwa sawa na kumtukana.

Kwa hiyo mtu akisema gari lililopitishwa na Baba linagonga, hakuwa analilaumu gari. Alikuwa anamlaumu Baba. Na Baba alikuwa amebakiwa na nini? Mgongo ulishamkataza kuingia chini ya gari, vidole vilishaanza kukataa nati ndogo, macho yalikuwa ya miwani. Lililobaki ni sikio. Mtu akimpokonya hilo, angekuja gereji kila asubuhi kufanya nini, kutuhesabia spana? Hilo ndilo lililonifanya nimkatalie Rubani kabla sijalisikia gari lake.

"Sijaja kubishana na wewe, dada," Rubani akasema. "Nimekuja na ushahidi."

Akatoa simu. Alikuwa amelirekodi gari likipanda mlima. Baba, aliyekuwa ametoka ofisini akivuta kandambili zake, akaipokea ile simu, akaibana sikioni, akafumba macho. Nami nilisogea. Katikati ya muungurumo nikasikia misumari ndani ya kopo, waziwazi.

"Simu yako mbovu," Baba akasema, akamrudishia.

Nilishusha pumzi. Halafu machale yakanicheza. Kwa nini mtu arekodi? Mtu mwenye shida ya kweli huleta gari, haleti ushahidi. Sauti ya kugonga unaweza kuirekodi kwenye gari lolote bovu, ukaja nayo hapa ukasema ni lako. Huyu alikuwa anatafuta nini kwetu?

Baba akainama juu ya injini gari likiwa limesimama. Iliunguruma vizuri, huwezi kuisema vibaya. "Imetulia," akasema.

"Mzee, likiwa limesimama halina neno. Kasoro iko mlimani."

"Mlimani nililipandisha mwenyewe, mara ya kwanza na mara ya pili."

"Na kabla hamjaligusa lilikuwa haligongi kabisa." Rubani akavua miwani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Nililileta kubadilishiwa plagi na kutegewa moto tu. Sijui mmenitolea nini, mmeniwekea nini. Jumamosi namchukua binti yangu, tunakwenda naye safari ndefu, milima mitupu. Naliacha hapa. Nikilikuta hivi hivi nalihamisha, na wenzangu wote wenye magari kama haya nitawaambia Sikio ameisha."

Alilisema hilo mbele ya Baba, akinitazama mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Baba yeye alitabasamu tu, akampigapiga begani, akarudi ofisini kwake kwenye redio yake ya kelele. Nikasema moyoni, huu ndio ukubwa, mimi ningekuwa nimeshamrushia spana.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya benchi la kazi muda wote huo, amenyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yake ya pili. Rubani alipoondoka, akanifuata akinyoosha mkono.

"Nipe ufunguo nilizungushe kidogo."

"Huendi nalo popote."

"Kidogo tu."

"Nimesema huendi."

Hapa lazima nieleze, nisije nikaonekana mke mkorofi bila sababu. Kwa muda wa miezi kadhaa, kila gari ambalo Baba amelipitisha, mume wangu alikuwa anazua sababu ya kutoka nalo. Mara tairi hazina upepo. Mara anaenda kuliosha, ilhali bomba la maji tunalo hapo hapo uani. Mara anasikilizia breki za gari ambalo breki zake hatukuzigusa. Anakwenda peke yake, anarudi, anaegesha, hasemi kitu. Nikimuuliza alikuwa wapi, ananiambia, "Hapo tu." Hapo tu ni wapi? Jioni moja nililinusa shati lake, lilikuwa na harufu ya petroli tupu, nikashuku kwamba manukato ya mwanamke ameyafuta kwa petroli. Kwa hiyo gari la Rubani liliporudi mara ya kwanza na mume wangu akaomba ufunguo, nilimnyima, na safari hii nikamnyima tena. Nilizitia funguo mfukoni mwa ovaroli, nikafunga zipu.

Alinitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye pikapu ya seremala aliyokuwa akiifunga.

Nililishughulikia gari mwenyewe. Kugonga kuna namna mbili ambazo fundi hazichanganyi. Kuna kugonga kuzito, kunakotoka chini, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Hizo ni beringi zimekwisha, na ukiisikia sauti hiyo anza kumpa mteja pole. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaikita kwenye injini, mpini nikaubana sikioni, nikapita chini pote. Kimya. Beringi zilikuwa nzima. Namna ya pili ni ile nyembamba, ya juu, nayo hutokea petroli inapowaka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni ikiwa bado inapanda. Haisikiki gari likiwa limesimama. Inajitokeza gari likibebeshwa kazi.

Nikaingia, nikajikunja, nikalipandisha mlima kwa gia ya juu, nikakanyaga mafuta.

Liligonga. Palepale, kabla hata ya kona ya kwanza. Niliachia mafuta, sauti ikakatika. Nikakanyaga, ikarudi. Rubani hakuwa ametunga chochote, na nilivunjika moyo, maana mtu uliyemtegemea awe mwongo akiwa mkweli anakuacha na kazi kubwa.

Kesho yake nikahamia kwenye mafuta. Labda alijaza petroli iliyochakachuliwa. Nikaitoa yote, nikajaza nzuri, ile ya ghali, kutoka kituo ninachokiamini kwa kiasi ninachoweza kuamini kituo. Nikapanda tena. Misumari ile ile. Nikafungua plagi. Zilikuwa nyeupe kama mfupa uliokaa juani, na kwenye udongo wake wa kauri kulikuwa na vidoadoa vinavyong'aa. Nilivikwangua kwa ukucha, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu. Zile zilikuwa chembe za pistoni. Injini ilikuwa imeanza kujila. Safari moja ya milima, na pistoni ingetoboka, na jina la Baba lingeishia kando ya barabara pamoja na gari la Rubani.

Baba alipokwenda kunyoa nywele, nilifungua droo, nikatoa taa kutoka chini ya sabuni. Nilitazama getini kama ninaiba. Nikatia plagi mpya, nikafunga nyaya, nikawasha injini, nikaimulika puli, lile gurudumu dogo la mbele ya injini lenye alama ya taimingi. Alama ilikuwa mbali na ilipopaswa kuwa, mbali mno. Moto ulikuwa unawahi kupita kiasi. Hilo si kosa la unywele. Hata mtu anayejifunza hawezi kukosea vile, labda awe amekusudia.

Nikarudisha taa mahali pake, nikaanza kupiga hesabu. Distribyuta haijigeuzi. Baba aliitega kwa sikio lake, na sikio la Baba halijawahi kukosea tangu sijajua kutembea. Mimi sikuigusa. Katika gereji hii tuko watatu.

Sikutaka kuifikisha hesabu mwisho, lakini ilijifikisha. Nilikumbuka maneno aliyoniambia mume wangu siku za karibuni, tukiwa tunakula. "Baba apumzike kidogo." Nikamuuliza apumzike na nini. Akasema, "Apumzike tu." Nilikumbuka alivyokuwa anamwangalia Baba akiinama juu ya injini, jicho la mtu anayesubiri kitu kianguke. Kumbe! Anamharibia mzee kazi kimyakimya, wateja warudi walalamike, mzee aone aibu, akae nyumbani, gereji ibaki na bwana mdogo. Na mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo nikinusa mashati.

Nilitoka uani. Pikapu ya seremala ilikuwa imeshapitishwa na Baba asubuhi. Nililisikia neno "Imetulia" kwa masikio yangu. Boneti yake ilikuwa juu tena, na mume wangu alikuwa ameinama ndani. Nilinyata. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika distribyuta, wa kulia ulikuwa na spana, na alikuwa anaigeuza.

"Mwizi mkubwa wewe."

Aliruka, kichwa kikagonga boneti. Siku nyingine ningecheka.

"Afande..."

"Usiniite Afande. Nimekushika. Baba ameipitisha pikapu hii, wewe unaichokonoa. Ulilichokonoa na la Rubani. Unamuua mzee wangu kwa spana, mchana kweupe, na chakula chake unakula!"

Alikaza nati kwanza. Hiyo ndiyo ilinichoma zaidi, kwamba nilikuwa namtukana naye anakaza nati. Kisha akafuta mikono.

"Siku Rubani alipolichukua gari lake, mimi nilikuwa wapi?"

Nilifikiri. "Hukuwepo. Ulikwenda kuchongesha silinda hedi."

"Liliporudi, ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Basi ndiyo maana linagonga."

Nilimtolea macho. Hakuwa ananichezea shere, uso wake ulikuwa umechoka kabisa.

"Una maana gani?"

"Mwite Baba. Twende mlimani na lile spoti, sote watatu. Wewe endesha."

"Niambie hapa hapa."

"Nikikwambia, utaniamini?"

Nilifungua mdomo. Ningependa kusema nilijibu ndiyo. Nilisimama tu pale mdomo wazi, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshajibiwa.

"Tena mimi ni mkwe," akasema. "Kuna maneno hayawezi kutoka kwenye mdomo wa mkwe. Mwite."

Baba alirudi kinyozini amenyolewa vizuri, ananukia poda, na wazo la matembezi likamfurahisha. Alikaa kiti cha mbele. Mume wangu alijikunja nyuma, kwenye kile kiti ambacho nadhani waliolichora gari walikikusudia kwa mikoba. Magoti yalimfika masikioni. Nikapitia lango, nikashika barabara ya mlimani. Simu ya Baba ililia kwenye mfuko wa shati lake, mlio wake ule mwembamba, ikalia mpaka ikakata. Hakuigusa. Siku zote nilijua anamkwepa shangazi, maana shangazi akishika simu haachii.

"Pokea basi, Baba," nikasema.

"Eeh, barabara wameitengeneza," akajibu, akitazama nje.

Nikaweka gia ya juu mlima ulipoanza, nikakanyaga mafuta. Misumari ikaanza. Sikuwahi kuisikia wazi namna ile, ilijaza gari zima, ilinikwangua meno. Nikamgeukia Baba.

Alikuwa amefumba macho. Uso wake umetulia, mkono juu ya dashibodi, kidole kimoja kikipiga taratibu. "Sikiliza hiyo," akasema. "Safi kabisa. Imetulia."

Niliinua macho kwenye kioo. Mume wangu alikuwa ananitazama kutoka katikati ya magoti yake. Nami ndipo yote yaliponiingia kwa mkupuo: simu, tabasamu alilompa Rubani alipotukanwa, redio ya ofisini inayopiga kelele kutwa. Muungurumo Baba anausikia, sauti nzito za wanaume anazisikia, hasa akiwatazama mdomoni. Ile nyembamba imemtoka. Alikuwa anageuza distribyuta akisubiri misumari ianze, na misumari ilikuwa imeshaanza zamani, naye haisikii, anazidi kugeuza. Na nyuma yake, gari kwa gari, mume wangu akitoka "hapo tu", akipanda mlima, akirudisha moto mahali pake bila mtu kujua. Gari moja tu lilimponyoka, na aliyelifungia zipu mfukoni ni mimi.

Ningeweza kunyamaza. Naapa nilitaka kunyamaza. Ningemwachia mume wangu atege moto kisirisiri, Jumamosi Rubani angeondoka na gari zima, na Baba angeendelea kufumba macho yake. Lakini ingekuwa hivyo mpaka lini? Siku mume wangu akiugua? Nilipiga moyo konde, mguu bado uko kwenye mafuta.

"Baba, linagonga."

"Nini?"

Nikapaza sauti. "Linagonga, Baba!"

Akafumbua macho. "Lini?"

"Sasa hivi."

Aliinamisha kichwa kuelekea mbele. Nikaachia mafuta. "Sasa limeacha." Nikakanyaga. "Sasa linagonga."

"Sasa?"

"Linagonga."

"Na sasa?"

"Bado, Baba."

Aliniuliza hivyo mlima mzima. Sasa? Na sasa? Sauti yake ilianza na ubishi, ikaja ikanywea, mwisho akawa anauliza kama mtoto anayeulizia mama yake anarudi lini. Nililia huku naendesha. Sikuona haya.

"Simama," akasema.

Nilisimama kando. Alishuka kwa shida, nasi tukashuka. Alifungua boneti, akaitazama injini muda mrefu, halafu akanyoosha mkono wake nyuma bila kugeuka.

"Spana."

Mimi sikuja na spana. Mume wangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa moja, ile ile inayoingia kwenye nati ya distribyuta na karibu haina kazi nyingine. Akamwekea kiganjani. Baba akaitazama. Fundi wa miaka yake hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anatembea na spana hiyo mfukoni.

"Magari yote?" akamuuliza, akimtazama mdomoni.

"Yote, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na ukaninyamazia."

"Nikuambie vipi, Baba? Mimi ni mkwe wako."

"Na huyu?" Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ni mkeo. Huyu nawe ulimnyamazia?"

Mume wangu alitazama lami. Baba alinigeukia mimi, akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa naye, na nikajua anaijua sababu, kwa kuwa ndiye aliyenilea.

Tulitega moto pale pale kando ya barabara. Baba ndiye aliyegeuza. Hakumpa mtu spana. Aligeuza kidogo, tukapanda kipande cha mlima, akauliza, "Sasa?" Nikamwambia, "Bado." Tukashuka, akageuza tena. "Sasa?" Mara moja nilitaka kumfurahisha, nikasema limeacha, na mume wangu kutoka nyuma akasema kwa sauti nzito, "Bado kidogo, Baba." Alikuwa amesema kweli. Tulirudia hadi misumari ikakoma kabisa, hata nilipokanyaga mafuta mpaka chini. Kisha tukarudi gereji.

Rubani alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki getini. Hakungoja Jumamosi, alikuja kutuchungulia, na kulikosa gari lake uani kulishamfanya aamini tumeliuza. Alilizunguka, akainama kutazama tairi, akatazama mita ya kilomita, akatutazama sisi mmoja mmoja. Nilimwelewa kabisa.

"Limekwenda wapi?"

"Mlimani, Kapteni," nikasema.

"Nani kaniharibia hizi?" Nilikuwa nimemwonyesha plagi nilizozitoa, akaziona zile chembe. Mtu wa ndege anazijua chembe hizo maana yake nini. Hakuniuliza mimi zaidi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Baba, akavua miwani, akapaza sauti. "Mzee. Nijibu wewe. Linagonga au haligongi?"

Hata wauza matairi walikuwa wamesimama kwenye uzio. Nilimwona Baba akiinama juu ya injini kama siku zote. Alifumba macho, mkono juu ya boneti. Tulisubiri lile neno. Nilikuwa nalitaka kuliko mtu yeyote pale, lilikuwa kweli sasa, angeweza kulisema bila kudanganya.

Alifumbua macho, akajiinua taratibu.

"Muulize mkwe wangu," akasema. "Mimi sisikii."

Akapita katikati yetu akaenda ofisini. Hakufunga mlango.

Rubani alibaki na miwani mkononi. Kisha akamgeukia mume wangu. "Haya. Wewe unasemaje?"

Mume wangu alijua jibu. Alikuwa amelijua kuliko sisi sote, siku zote. Lakini hakumjibu Rubani. Alinigeukia mimi kwanza, akakaa hivyo, akingoja nimkatalie.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie, mume wangu. Nakuamini."

Na bado alisita kidogo kabla ya kufungua mdomo.